Treni Isiyo na Pua: Kutoka Miritini Hadi Kitui

Safari hii ya Kitui hatukuifanya kwa matembezi. Binti yetu aliyeolewa huko alijifungua mtoto wake wa kwanza, na kinyume cha desturi yetu ya pwani hakuweza kuja kujifungulia kwao, kwa kuwa miezi ya mwisho ilimlemea na akakatazwa mwendo mrefu. Basi mwana asipokuja, mama huenda. Mama watoto alianza kufunga mizigo saa ile ile habari ilipofika: samli katika kopo, bizari, udi na chetezo chake, kanga za kumfunga tumbo mzazi, na nguo za mtoto zilizokuwa zimekwisha shonwa zamani. Sisi tulichukua miwani na msahafu mdogo. Wa tatu wetu alikuwa mjukuu wetu wa miaka tisa, mtoto wa mwanetu mkubwa, aliyelia mpaka akaruhusiwa.

Kijana huyu ana maradhi ya treni. Ndani ya daftari lake la shule ameweka picha aliyoikata katika kalenda ya zamani: treni nyeupe ya Kijapani ikipita mbele ya mlima wenye theluji. Tulipofika Miritini asubuhi ile, na injini ya treni yetu ikaonekana kule mwisho wa jukwaa, aliitazama, akaitazama picha yake, kisha akauliza kwa sauti iliyosikiwa na wote waliokuwa karibu: "Babu, mbona yetu haina pua?"

Watu walicheka. Sisi hatukuwa na jawabu la papo hapo, na katika yote tuliyoyaona siku tano zile, swali hilo ndilo lililotushughulisha zaidi.

Kwa wale ambao hawajapanda, na tunajua wamo kina mama wengi miongoni mwa wasomaji wetu ambao bado wanasitasita, utaratibu ni huu. Tikiti hununuliwa kabla, kwa simu au kituoni, na mwenye tikiti sharti awe na kitambulisho chake. Fikeni mapema, kwa sababu ukaguzi ni mrefu. Mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, na mbwa wa polisi hupitishwa kuinusa. Tumeulizwa mara nyingi juu ya jambo hilo. Jawabu ni kwamba kinachonajisi ni unyevu wake ukigusa, wala si pumzi yake. Asiyekuwa na yakini kwamba begi lake limeguswa, begi lake ni safi, na wasiwasi hauondoi yakini. Atakaye wepesi zaidi na afunge nguo zake za sala katika mfuko wa pili ndani ya begi. Baada ya hapo hakuna usumbufu. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, watu watatu upande mmoja wa njia na wawili upande wa pili, na familia ikikata tikiti pamoja huketi pamoja bila ya mama kubanwa na mgeni.

Tulipanda treni ya saa mbili asubuhi, ile isimamayo njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, mpaka Nairobi. Katika vituo hivyo, vitatu ndivyo vya Makueni, navyo ni Mtito Andei, Kibwezi na Emali, mji ulio mpakani na Kajiado. Kaunti ya Kitui haina reli hata hatua moja. Anayekwenda huko kwa treni hushuka Kibwezi, akapanda gari kwa barabara ya lami ipitayo Ikutha na Mutomo.

Mjukuu wetu alikaa dirishani na kuweka picha yake juu ya meza. Tukaanza kumjibu.

Tulimwambia kwamba pua ya treni ya Wajapani haikuwekwa kwa urembo. Treni iendayo kilomita 300 kwa saa inapoingia handakini huisukuma hewa iliyomo kama vile pampu ya baiskeli isukumavyo upepo, na hewa ile hutokea mdomo wa pili kwa kishindo kinachowaamsha watu waliolala majumbani. Mhandisi mmoja wao, Eiji Nakatsu, ambaye alikuwa mpenzi wa kutazama ndege, alimfikiria mdiria. Ndege huyu hutoka hewani akatumbukia majini kuvua samaki, na maji karibu hayarushwi, kwa sababu ya umbo la mdomo wake mrefu. Wakaichonga pua ya treni kwa kumuiga, na treni hiyo ikaanza kubeba abiria mwaka 1997. Yetu mwendo wake ni kilomita 120 kwa saa. Haina haja ya pua ya mdiria.

"Kwa hiyo ni ya polepole," alisema, na akageukia dirisha.

Hakusema uongo, ingawa mama watoto alimwambia kwamba wakati wa bibi zake safari ya Nairobi ilikuwa ya usiku kucha.

Na hapa tunaomba wasomaji watusikilize, maana watu hudhani kwamba mambo ya Wajapani ni mambo ya sayari nyingine. Mwanzo wao na wetu una mfanano mkubwa. Reli zao za zamani zilikuwa nyembamba, upana wa milimita 1,067. Ya kwetu iliyojengwa na Waingereza ilikuwa milimita 1,000. Ilipobana wakajenga reli mpya, pana, ya milimita 1,435, kipimo kile kile cha reli yetu mpya. Njia yao ya kwanza, kutoka Tokyo hadi Osaka, ni kilomita 515. Yetu ya Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 472. Wao pia walikopa: mwaka 1961 Benki ya Dunia iliwapa dola milioni 80 kwa kazi hiyo, na deni likamalizwa kulipwa mwaka 1981. Sisi tulikopa Exim Bank ya China, na njia ya kufika Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327. Treni yao ilizinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964. Ya kwetu ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na siku hiyo waliokaa kwenye usukani walikuwa wanawake Wakenya, akiwamo Concilia Owire, waliopata mafunzo yao China. Binti zetu wanaoambiwa kwamba mashine si kazi yao wana haki ya kulijua jina hilo.

Tofauti ilianza baada ya sherehe.

Treni ya Wajapani siku ya kwanza ilikwenda kilomita 210 kwa saa na kutumia saa nne kufika Osaka. Mwaka uliofuata tu, ardhi ya tuta ilipokwisha tulia, wakaifikisha kwa saa tatu na dakika 10. Mwaka 1985 wakatoa treni nyingine, mwaka 1992 nyingine ya kilomita 270 kwa saa, kisha ile ya mdiria, kisha nyingine mwaka 1999. Mwaka 2007 ikaja iitwayo N700, ambayo huinama digrii moja katika kona, kama mwendesha baiskeli alalavyo upande, ili isilazimike kupunguza mwendo na abiria wasimwage chai. Digrii moja tu! Leo safari ya haraka kuliko zote ya kilomita zile 515 huchukua kama saa mbili na dakika 21.

Lakini lililotuvutia zaidi ya mwendo ni hili. Mwaka 2013 walitoa aina mpya ya ile N700 yenye breki bora, za kuisimamisha upesi pindi tetemeko la ardhi litokeapo. Wangeweza kuziacha treni za zamani zizeeke na breki zao. Badala yake walizirudisha karakanani, moja baada ya moja, wakazitia breki zile mpya. Kwa hiyo aliyepanda treni ya zamani na aliyepanda mpya wakawa na amani moja. Mwaka 2020 ikaja nyingine yenye betri ndani yake, ili umeme ukikatika treni ijikokote yenyewe mpaka mahali abiria wanapoweza kushuka salama. Na kila usiku, kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili asubuhi, hakuna treni ya abiria ipitayo. Wakati huo ni wa mafundi. Kwa miaka mingi ilikuwako pia treni ya rangi ya manjano isiyobeba abiria, iliyopita takriban kila siku kumi ikipima reli na nyaya. Wajapani waliipa jina la kidaktari, Dr. Yellow, na watoto wao walikuwa wakiamini kwamba aionaye hupata bahati. Tangu 1964 hakuna abiria aliyekufa kwa treni za aina hii kugongana au kuanguka njiani.

Mjukuu wetu alipenda habari ya treni ya manjano kuliko zote. Aliichora nyuma ya tikiti yake kabla hatujafika Voi.

Baada ya Voi njia inapita Tsavo, juu ya tuta refu jekundu lililoachiwa mapito ya tembo chini yake. Tuliwaona saba. Upande wetu wa kulia ulilala Uwanda wa Yatta, mwinuko mrefu ulionyooka juu kama meza. Nao ni mto wa mawe yaliyoyeyuka uliotiririka zama za zama ukagandia hapo, mojawapo ya mirefu kabisa duniani. Upande wa kushoto, baada ya Mtito Andei, vikaanza kuonekana vilima vya Chyulu. Wanawake wa Mombasa wanaosubiri maji bombani wavitazame vilima hivyo kwa heshima: mvua inyeshayo Chyulu huzama katika mawe yake, ikatokea chemchemi ya Mzima, na kutoka huko bomba huileta Mombasa.

Na mara kwa mara, kando ya njia, huonekana reli ya zamani. Mahali pengine nyasi zimeifunika. Mahali pengine bado inang'aa kidogo.

Hatuwezi kuitazama bila kumkumbuka ami yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa mtia moto katika injini za mvuke za shirika la reli la Afrika Mashariki. Injini alizozijua yeye zilikuwa za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, nayo iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi. Hakuna nchi yoyote duniani yenye reli ya mita moja iliyokuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Hazikula makaa; zilikula mafuta mazito, na ami yetu alikuwa akisema kwamba harufu yake haikumtoka kanzuni mpaka alipostaafu. Alizijua kwa tabia zake. Mlima huu ni mkaidi asubuhi, mlima ule hutaka kubembelezwa ukifika Makueni, mlima wa tatu hauna neno. Alikuwa akizitaja kama mtu atajavyo wake zake, jambo ambalo mkewe hakulipenda.

Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, mali ya reli iligawanywa, na injini zile zikastaafishwa moja baada ya moja kwa kuwa zama za dizeli zilikuwa zimekwisha ingia. Hilo hatulilaumu, hata Wajapani wamestaafisha treni zao. Tunachosikitikia ni kilichofuata. Sisi tulipanda treni ya usiku tukiwa watoto, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukiwa na baba yetu. Shuka zilikuwa nyeupe na zimepigwa pasi, mhudumu alipita akigonga kengele ya chakula cha jioni, na asubuhi tuliamka tukiwaona pundamilia. Treni ile ile iliendelea kwenda kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo, na kila mwaka kilipungua kitu. Mwisho ilikuwa watalii wanaipanda kwa ajili ya kusimulia jinsi ilivyochelewa. Ilikoma mwaka 2017. Haikuuawa na reli mpya. Reli mpya iliikuta imekwisha kuwa mgonjwa wa kitandani, kwa ugonjwa wa kila siku wa kuambiwa itatengenezwa kesho. Injini mbili za daraja la 59 zimehifadhiwa, na ile iitwayo Mount Gelai imo katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi, imepakwa rangi ikapendeza, na watoto hupanda juu yake kupiga picha.

Tulishuka Kibwezi kabla ya adhuhuri. Lau tungeendelea, tungepita Makindu, ambako Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926 na mpaka leo hulisha wasafiri wa dini zote bila malipo. Tungepita mji wa Sultan Hamud, uliopewa jina la Hamud bin Muhammad, sultani wa Unguja kutoka 1896 hadi 1902, enzi ambazo reli ya kwanza ilikuwa ikijengwa kupita hapo. Wengi wetu hupita mji huo kwa basi mara ishirini kwa mwaka bila kujiuliza sultani wetu alifikaje Ukambani. Na tungepita Kima, ambako mwezi Juni mwaka 1900 simba aliingia ndani ya behewa lililoegeshwa akamchukua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda simba yule yule. Kadhia hii tulimsimulia mjukuu wetu, kisha tukajuta, maana hakukubali tena kukaa dirishani.

Njia ya Kibwezi hadi Kitui ni njia ya mibuyu. Ipo mikubwa kiasi cha kuificha nyumba. Huvuka Mto Athi, ambao ndio mpaka wa Makueni na Kitui, kisha ardhi inakuwa nyekundu, na kando ya barabara wanawake wanauza pojo, maembe, na asali iliyotiwa katika chupa za soda. Ndani ya gari alikuwamo mama mmoja Mkamba mwenye umri wa mama watoto, anatoka Mombasa alikompeleka mwanawe hospitali. Walipatana mara moja kwa habari za wajukuu. Alituambia kwamba hapo zamani, akitaka kufika Mombasa, alikuwa akienda mpaka barabara kuu na kusimama usiku akingoja basi la kutoka Nairobi, hajui kama lina nafasi. Sasa hufika Kibwezi akijua saa ya treni. "Nikifika kituoni nakaa kwenye kiti," alisema. "Kuna taa. Kuna choo." Hakuitaja kasi. Katika maneno yote tuliyoyasikia juu ya reli ile, ya wakuu na ya wapinzani, hayo ndiyo tuliyoyaona mazito kuliko yote.

Nao Wajapani, kwa hakika, wana treni ya mama yule. Katika njia yao ya Tokyo na Osaka hupita treni za majina matatu. Nozomi, maana yake matumaini, huruka vituo vingi. Hikari, maana yake nuru, husimama kwa kiasi. Kodama, maana yake mwangwi, husimama kila kituo. Miaka yote hii ya kuongeza mwendo, hawajaifuta Kodama. Na kila aina mpya ya treni iliyotengenezwa, Kodama nayo hatimaye hupata fungu lake. Wa kituo kidogo huketi juu ya kiti kile kile cha mkubwa, ila anachelewa kufika.

Kitui tulifika alasiri, tukajumuisha sala zetu, na mama watoto akambeba mjukuu wake mpya. Hayo ni ya nyumbani, hatuyaandiki, isipokuwa kwamba ni msichana na ana nywele nyingi.

Usiku, baada ya isha, mkwe wetu na wazee wawili wa msikiti walikaa nasi uani. Mazungumzo yalikuwa ya njia. Mmoja alikumbusha kwamba Kitui ilijuana na Mombasa kabla ya reli zote mbili. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, aliongoza misafara ya pembe mpaka pwani, na ndiye aliyempokea Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwaka ambao mgeni huyo aliuona mlima Kenya kwa macho yake. Waingereza walipojenga reli waliipitisha kusini, Kibwezi na Makindu, na Kitui ikabaki kando. Zaidi ya miaka mia moja baadaye reli mpya nayo ikafuata njia ile ile. "Sisi ni watu wa kuteremkia kwa jirani," mzee yule alisema, bila uchungu. Kwake yeye kituo cha Kibwezi ndicho kituo cha Kitui. Kikifungwa, au treni ya vituo vyote ikiondolewa kwa kuwa haina faida, Kitui itarudi kungoja basi usiku.

Hapo ndipo tulipowaambia hesabu tuliyokuwa tukiibeba tangu Miritini. Pamoja na reli, zilinunuliwa injini 56, zote za dizeli, zilizoundwa Changzhou nchini China. Kati ya hizo 43 ni za mizigo na nane ni za kupanga mabehewa vituoni. Za abiria ni tano tu. Mabehewa ya abiria yalikuwa 40. Tangu hapo yameongezwa mabehewa ya mizigo, na ni sawa, kwa kuwa mizigo ndiyo inayotarajiwa kulipa deni. Njia ikafikishwa Naivasha mwaka 2019. Kampuni ya Kichina iliyoendesha treni hizo mwanzoni imekuwa ikikabidhi kazi kwa Wakenya, hatua kwa hatua. Yote hayo ni maendeleo. Lakini injini tano ni kama punda watano wa kijiji kizima: hawatoshi kubebeshwa kila siku na wakati huo huo kupumzishwa na kutibiwa, ila kwa mpango mkali sana.

Mkwe wetu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alisema kwamba wasiwasi wake ni nauli. Mwanzo ilikuwa shilingi 700 kwa daraja la kawaida mpaka Nairobi. Ikawa 1,000. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ikawa 1,500, na daraja la kwanza likapanda kutoka 3,000 hadi 4,500, kwa sababu iliyotajwa ya bei ya mafuta. Treni ya dizeli hununua mafuta sawa na lori. Ndugu zetu wa Tanzania walichagua umeme tangu mwanzo. Treni yao ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ile ina pua. Mjukuu wetu, aliyedhaniwa amelala mkekani, alinyanyua kichwa kusikia hilo.

Mzee wa pili hakukubaliana nasi. Alisema Wajapani ni matajiri, na tajiri hutengeneza kitu chake kwa kuwa anazo. Tulimjibu kwamba mwaka 1961 walikuwa wakikopa kama sisi, miaka 16 tu baada ya miji yao kuteketezwa vitani, na kwamba hawakungoja utajiri ndipo waanze kufanya matengenezo usiku. Akasema, basi ni tabia. Tukasema, labda. Yeye akasema tabia hainunuliwi Exim Bank, na hapo tukacheka sote, na majadiliano yakaishia kwenye chai. Bado hatujui nani alishinda. Tunaona tu kwamba breki zile za 2013 hazikutiwa katika treni za zamani na pesa peke yake. Lazima alikuwako mtu mezani aliyesema kwamba abiria wa treni kuukuu naye ana roho.

Siku ya tano tulirudi, sisi na mjukuu tu. Mama watoto amebaki mpaka arubaini iishe, kisha atakuja na binti na mtoto, wote watatu kwa treni, kupanda Kibwezi na kushuka Miritini. Tarehe tumekwisha iandika ukutani.

Kituoni Kibwezi tulifika mapema. Reli yetu ni ya njia moja, hivyo treni hupishana vituoni, na tukiwa tumekaa ilipita ya mizigo kuelekea Nairobi, makontena yamepandana mawili mawili. Mjukuu wetu alihesabu mpaka hamsini na kitu akapotea. Kisha ikaja ya kwetu kutoka Nairobi, ikasimama. Alipokuwa akipanda ngazi alisita, akatuvuta kanzu. Kule mbele, mtu mwenye fulana ya rangi ya manjano alikuwa ameinama kando ya behewa, akimulika tochi chini, kwenye magurudumu, mchana kweupe.

"Babu, yule anatafuta nini?"

Tulimwambia apande kwanza, tutamweleza tukikaa. Lakini alikataa kuondoka ngazini mpaka mtu yule alipoinuka, akaizima tochi, akasogea kwenye behewa la pili.